Unga wa vimeng'enya kwa broila: pakiti ya gramu 100 inamfaa nani

Mfugaji wa Nakuru anayejichanganyia chakula hukimbilia pumba na poladi ya ngano (mabaki laini ya kusaga ngano), maana ngano yalimwa hapa hapa Njoro na Mau Narok. Huyo ndiye anayefaidi pakiti hii yenye vimeng'enya viwili vya kumsaidia kuku kumeng'enya chakula, faitezi na zailanezi. Anayenunua chakula cha vidonge aulize kwanza. Viwanda vingi huvitia vimeng'enya mapema, na kuongeza vingine ni kutupa pesa.

Nyuzinyuzi za ngano hugeuka utelezi tumboni. Chakula kinakuwa uji mzito na virutubisho havifyonzwi vizuri. Mwinue kifaranga wa wiki mbili umtazame chini ya mkia: manyoya yakiwa yameganda mavi, na maranda sakafuni yameshikana mabonge, zailanezi, inayovunja nyuzinyuzi hizo, ina kazi hapo. Kwa mahindi na soya tupu tofauti ni ndogo.

Faitezi nayo hufungua fosforasi. Takriban thuluthi mbili za fosforasi ya nafaka zimefungwa ndani ya faiteti, kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka, na kuku mwenyewe hufungua kidogo sana. Pesa inarudi hapa: punguza DCP (madini ya kuongeza fosforasi na kalsiamu) kilo 5 hivi kwa tani ya chakula. Usipopunguza, umelipia kitu usichokitumia. Wala usizibe pengo kwa chokaa, kwa sababu kalsiamu ikizidi huishika faiteti na kimeng'enya hakiifikii.

Lebo inasema uniti 5,000 za faitezi kwa gramu, pakiti moja kwa tani. Hiyo ni uniti 500 kwa kila kilo ya chakula, kipimo cha kawaida. Gunia la kilo 70 linataka gramu 7, kwa hiyo kijiko hakifai, tafuta mizani ndogo ya betri. Changanya gramu hizo na kilo 1 ya unga wa mahindi, ongeza hadi kilo 5, ndipo umwage kwenye chakula chote. Ukinyunyiza juu ya lundo na kupindua koleo mara mbili, kuku mmoja anapata, mwenzake anakosa.

Kasoro kubwa: lebo haisemi kama unga una kinga ya joto. Bila kinga, joto la mashine ya vidonge, nyuzi 80 na zaidi, huuharibu. Utumie kwenye chakula cha unga tu.

Muuzaji akikuambia unga huu unachukua nafasi ya dawa, kataa. Hauui kiini chochote cha ugonjwa. Kinyesi chenye damu bado ni cha kumwita daktari wa mifugo. Lakini antibiotiki kama oksitetrasaiklini kidogo kidogo kila siku ili kuku wanenepe ni hatari kweli: dozi ndogo huzoesha bakteria dawa, na mabaki huingia kwenye nyama tunayolisha watoto. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 1 Januari 2006. Dawa ni ya kundi lililougua, na siku za kusubiri zilizo kwenye lebo ziishe kabla ya kuchinja.

Pakiti ikifunguliwa, ifunge kabisa na uiweke mahali pakavu penye kivuli. Unga ulioshika mabonge usiutie.