Uzoefu wangu: Kuzungukia kahawa Tanga mjini, hadi nikapewa benchi zima

Niseme mapema nisije nikampotezea mtu nauli. Kama unakwenda Tanga kutafuta kahawa yenye povu lililochorwa ua juu, utaipata mahali pamoja pawili, na usitarajie makubwa. Kama unakwenda kutafuta kahawa tu, ipo, tena karibu kila kona, ila ina saa zake na ina wenyewe. Mie haya niliyajua jioni, pesa ya mchana imeshakwenda.

Nilishuka stendi ya Kange Ijumaa mchana nikitokea Dar, nikachukua bodaboda hadi kwa bibi yangu Ngamiani, barabara ya 8. Kwa asiyejua, Ngamiani barabara zinaitwa kwa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya 21, zimenyooka kama mistari ya daftari. Ukipotea pale umetaka mwenyewe. Mpango wangu ulikuwa kuvuka upande wa pili wa reli, kule mjini kwenye majumba ya Kijerumani yanayotazama bandari, niingie mgahawa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kikombe kimoja. Bibi aliposikia kahawa yenyewe ni shilingi elfu sita, aliniuliza, "Ya gunia?"

Mgahawa wa kwanza sitautaja jina. Wahudumu wake ni vijana wadogo, wana adabu, na sitaki kuwaharibia riziki. Jengo lenyewe ni zuri mno: kuta nene, dari iko juu, roshani ya mbao, upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule. Kiti nilichokalia kilikuwa na mto mgongoni, na hakuna aliyenisogelea kuniuliza kama nimemaliza. Kwa kiti, hapa nawapa alama zote. Sasa kahawa. Niliagiza ya maziwa, nikasubiri dakika ishirini na tano, ikaja ya kopo na maziwa ya unga. Maziwa ya unga, Tanga! Mji ambao maziwa yake yanapakiwa na kusafirishwa tuyanywe sisi wa Dar! Sina ugomvi na kahawa ya kopo, nyumbani ninayo, lakini siilipii elfu sita. Nilimuuliza kijana hii kahawa inatoka wapi. Akanijibu kwa heshima zote, "Stoo, dada."

Kilichozidi kuniuma ni kwamba meza yangu ilikuwa inatazama bandari. Reli ya kwenda Moshi ilianzia hapa Tanga: Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, wakaifikisha Moshi mwaka 1911, na kahawa ya Kilimanjaro ikawa inateremka nayo hadi melini. Na si kwamba hawakujaribu kuilima karibu zaidi. Miaka ile ile ya 1890 walifyeka misitu ya Usambara Mashariki, milima unayoiona ukipita Muheza, wakapanda mibuni kule Derema na Nguelo. Ikawagomea. Udongo ulichoka upesi, maradhi yakaingia, na mwishowe mkonge ndio uliowatajirisha. Basi mji umebeba magunia ya kahawa miaka yote hiyo, na mimi nimekaa juu ya bandari yake nakoroga unga.

Mahali pa pili palikuwa mgahawa wa kizamani karibu na soko, wa feni na viti vya plastiki. Niliambiwa kahawa hakuna kwa saa hiyo. Nikanywa chai ya maziwa (ya ng'ombe, alhamdulillahi) na sambusa mbili za nyama, nikalipa, nikaondoka nimeshiba. Sambusa zile ningezirudia. Kahawa sikuiona, kwa hiyo sina la kusema.

Jioni nikamsimulia mjomba masaibu yangu. Alicheka mpaka akavua miwani. "Umekwenda saa nane mchana? Nani anakunywa kahawa saa nane mchana, mama?" Kumbe ndiyo siri yenyewe, na natamani ningeisoma mahali kabla sijapanda basi. Kahawa ya Tanga hufuata msikiti. Inatoka alfajiri, watu wakitoka kuswali, inanywewa mpaka jua likianza kuchoma. Halafu dele, lile birika la kahawa, linapumzika. Linarudi motoni baada ya alasiri, likichanganya hasa kati ya magharibi na isha, na vijiwe vingine vinakwenda mpaka usiku wa manane ukiwapo mpira. Ukizunguka mchana kama nilivyozunguka mie, unatembelea mabenchi matupu.

Baada ya magharibi mjomba akanichukua kwenye kijiwe chake, barabara chache kutoka nyumbani. Mzee muuza kahawa alikuwa na madele mawili juu ya jiko la mkaa, moja tupu, yaani kahawa na maji, na la pili lina tangawizi. Buni anakaanga mwenyewe nyumbani mpaka iwe nyeusi tii, anaitwanga kwenye kinu, haisagi kwa mashine. Alisema mashine inaipa joto ikapoteza harufu. Nilimuuliza buni anatoa wapi. Huyu hakusema stoo. Alisema nyingi ni ya Lushoto anayoletewa na mtu wake, na ikipungua anachanganya na ya Bukoba, ila ya Bukoba ni kali, asipoiangalia wateja wanalalamika moyo unawadunda usingizini. Sukari hatii. Utamu uko kwenye kashata, ya karanga au ya nazi: unamega kidogo, unapiga funda, unamega tena. Kikombe shilingi mia mbili, kashata mia mbili. Nikanywa vya tangawizi vitatu na kile kitupu kimoja, na hicho kitupu ndicho kahawa bora niliyokunywa mwaka huu. Chungu, nzito, halafu inakuachia harufu puani kama ya mkate uliobabuka kidogo.

La kuangalia ni vikombe. Vinasuuzwa kwenye ndoo moja, na ndoo ile tangu alasiri imeona mengi. Nilimwomba mzee anisuuzie changu kwa kahawa ya moto, akafanya bila kununa. Mwenye tumbo jepesi aende na kikombe chake. Watamcheka kidogo, yatapita.

Sasa kuhusu kiti. Tulipofika mabenchi mawili yalikuwa yamejaa wazee na makamo, mazungumzo yamepamba moto: Coastal Union ya mwaka 1988, ile iliyochukua ubingwa wa ligi. Miaka yote hiyo imepita na bado kuna bao moja hawajakubaliana. Nikasema, "Shikamooni." Wakaitikia wote, "Marahaba," na mpira ukafia hapo hapo. Mmoja akasimama, wa pili akasimama, wa tatu akasogea, "Karibu mwanangu, kaa, kaa." Kufumba na kufumbua nina benchi zima peke yangu, na wanaume watano wamebanana kwenye lile jingine, wengine wamesimama na vikombe mkononi. Hakuna aliyenikosea adabu hata chembe. Kinyume chake, adabu ilizidi. Mazungumzo yakawa ya hali ya hewa, safari, na je, Dar kuna joto? Kuna joto. Nilikunywa haraka kuliko nilivyotaka ili niwarudishie benchi lao na bao lao. Tulipofika kona nikasikia nyuma yetu sauti zimepanda tena.

Simlaumu mtu. Kijiwe ni sebule ya wanaume wa mtaa, na mimi niliingia kwenye sebule ya watu. Lakini dada unayesoma hapa ukipanga kwenda, ujue: ukiwa na mjomba au kaka wa mtaa huo utahudumiwa kama malkia, na utakaa kama malkia vile vile, peke yako. Ukienda na mashoga zako watatu wanne labda itakuwa tofauti. Mie sikujaribu.

Jumamosi ndipo nilipopata nilichokuwa nakitafuta, na sikuvaa hata viatu. Alfajiri bibi alimwita mtoto wa jirani, akampa chupa ya chai na noti ya elfu moja. Mtoto akarudi na kahawa kutoka kwa mzee yule yule, ya moto, na salamu juu. Kumbe wanawake wa mtaa ule wote wanakunywa kahawa ya kijiwe, ila hawaifuati, inawafuata. Tukakaa kibarazani kwa bibi, juu ya mkeka, miguu tumeinyoosha. Nyumba ya tatu kuna mama anayepika vitumbua na mbaazi za nazi, na saa kumi na mbili na nusu foleni imeshafika barabarani. Nikachukua vitumbua kumi, mbaazi bakuli moja, mahamri manne. Jirani mmoja akaja na kikombe chake, wa pili akaja na kashata, wa tatu akaja na habari za harusi iliyoahirishwa, ambazo siwezi kuziandika hapa. Tulikaa karibu saa tatu. Hakuna aliyenisimamia. Mbaazi ziliungwa nazi mpaka bibi mwenyewe, ambaye hasifii chakula cha mtu, akapangusa bakuli.

Katikati ya maongezi bibi akarudi kwenye hesabu yake. "Ile elfu sita yako," akasema, "kwa mia mbili mia mbili, vikombe vingapi?" Thelathini. Akawageukia wenzake, "Mmesikia? Thelathini. Mtaa mzima tungekunywa, na yeye kakinywa kimoja, cha unga."

Tanga wanaiita ya waja leo waondoka leo, na kweli nilikuwa na tiketi ya basi la asubuhi. Nikapiga simu kuibadilisha, nikaondoka na la saa saba. Chupa ya chai ya bibi nimekuja nayo Dar kwa bahati mbaya, imejaa nusu. Ameshapiga simu mara mbili kuiulizia.