Umechaguliwa Mlimani? Hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia ya kuomba kwanza

Mdogo wangu, kabla hujauliza hosteli ipi ni nzuri, uliza vipindi vyako vitakuwa wapi. Chumba kizuri kilicho mbali na darasa kitakula nauli, kisha usingizi, mwisho kitakula GPA, yaani wastani wa alama zako. Kwa hiyo nimezipanga kwa umbali kwanza, mengine baadaye.

1. Mabweni ya Mlimani

Haya ndiyo kila mtu huyaita Hall. Chuo kilihamia kilimani hapo mwaka 1964, na umri wa majengo unaonekana. Bado nayaweka juu bila kusita. Unakwenda kumbi za mihadhara za Yombo au Nkrumah kwa mguu, na usiku unakaa kwenye maktaba mpya, ile iliyofunguliwa Novemba 2018 yenye nafasi ya watu 2,100, bila kuwaza daladala ya mwisho. Kwa mtu wa uhandisi au sayansi, mwenye maabara hadi jioni, hilo halina mbadala. Ukipangiwa ghorofa ya juu, nunua ndoo mbili zenye mifuniko siku hiyohiyo. Presha ya maji ikishuka, wa juu ndio wa kwanza kukosa.

2. Hosteli za Magufuli

Zilifunguliwa Aprili 2017: majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, yaani 192 kila jengo. Bado uko kwenye eneo la chuo, ila chini, upande wa Barabara ya Sam Nujoma, hivyo kila asubuhi ni kupanda mlima. Mwenye pumu au tatizo la mguu alifikirie hilo kwa dhati, na aambatishe cheti cha daktari anapoomba. Anayetokatoka mjini, kwa mfano wakati wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, atapapenda kuliko Hall, maana barabara iko jirani.

3. Mabibo

Iko nje ya kampasi, kando ya Barabara ya Mandela, na kufika darasani lazima upite Ubungo. Daraja la Kijazi limesaidia tangu 2021, lakini kipindi cha saa moja asubuhi bado kinakutaka uwe kituoni saa kumi na mbili au kabla. Chakula ndicho kinachonifanya nisiidharau: soko la Mahakama ya Ndizi liko jirani. Ratiba yako ikiwa na siku moja au mbili tupu kwa wiki, iombe bila hofu.

Wanaosoma TEHAMA, orodha hii si yenu. Vipindi vyenu viko Kijitonyama, basi tafuteni kitanda upande huo kwanza.

Na geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, je?

Msewe, Changanyikeni na Survey kuna vyumba vizuri, na uhuru wake ni wa kweli. Ila piga hesabu na mzazi wako mapema. Tangu 2022 bumu, yaani pesa ya mkopo wa elimu ya juu, la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na linakuja kwa mafungu, wakati wenye nyumba wengi wa Dar wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Juu yake kuna dalali, ambaye kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kabla hujanunua hata godoro, fungu la kwanza limeshakwisha. Mwaka wa kwanza, kama kitanda cha chuo kipo, kichukue.

Kuna watakaokuambia mbebane, yaani mlale wawili kitanda kimoja, au wakuuzie kitanda walichopangiwa wao. Usitoe hata senti. Kitanda kisicho na jina lako ni cha mwenye jina, na siku ya ukaguzi utatoka na begi lako mlangoni. Lipa kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina lako tu, tunza risiti, na kabla hujasaini kupokea ufunguo hakikisha godoro, kitasa, taa na soketi vyote ni vizima. Kibovu chochote kiandikwe kwenye fomu mbele ya wadeni, yaani msimamizi wa hosteli.