Reale 8 ya Potosí: fedha halisi, maelezo pungufu
Sarafu niliyoinunua kwa muuzaji mmoja wa vitu vya kale ni reale 8 ya madini ya fedha, sarafu ya enzi ya ukoloni wa Hispania, iliyogongwa kwa nyundo huko Potosí (sasa nchini Bolivia) katika karne ya 17, na upande wake mmoja ungali unaonyesha nguzo za Hercules (nguzo mbili zinazowakilisha mlango wa bahari wa Gibraltar) juu ya mawimbi, mchoro ulioanza kutumika huko mwaka 1652 baada ya kashfa ya sarafu zilizopunguzwa fedha. Kingo zake zimekatwa ovyo, jambo ambalo si kasoro, kwani mafundi walizipunguza sarafu kwa mkasi hadi kila moja ifikie takriban gramu 27. Yangu, hata hivyo, ina gramu 21 tu: maji ya chumvi yameila, uso umejaa vishimo, na muuzaji hakulitaja hilo. Herufi P, alama ya Potosí, inasomeka vizuri. Mwaka wa kugongwa umeangukia nje ya kipande cha fedha.