Kuvuka na gari kwenda Sardinia: tiketi ipi ya feri ununue

Anayeishi Ujerumani au Uswisi na anataka kuipeleka familia Sardinia, kisiwa cha Italia, kwa gari lake, jambo la kwanza analotazama ni nauli ya feri. Nauli peke yake inadanganya. Jumlisha mafuta, tozo za barabara kuu za Italia na hoteli ya usiku mmoja kwa dereva aliyechoka, ndipo utaona njia ipi ni nafuu kweli. Tumezipanga njia kwa hesabu hiyo, toka mlangoni kwako hadi ufukweni.

Ya kwanza: Livorno–Olbia, usiku

Kutoka Livorno, bandari ya Italia bara, hadi Olbia kisiwani, meli huchukua saa 7 hadi 10. Za usiku huenda taratibu zaidi, na hiyo ni faida: unapanda baada ya chakula cha jioni, unalala, unashuka asubuhi ukiwa na siku nzima mbele yako. Kampuni za Moby na Grimaldi zote zina meli kwenye njia hii, kwa hiyo linganisha bei za tarehe ileile. Corsica Sardinia Ferries hutoka Livorno kwenda Golfo Aranci, jirani kabisa na Olbia. Usiiache nje ya hesabu.

Chukua kabini. Ya vitanda vinne hulipiwa kwa chumba, na ukiigawa kwa baba, mama na watoto wawili, mara nyingi inashinda hoteli ya bandarini. Kiti cha kuegemea ni cha bei nafuu, lakini taa huwaka na watu hupita usiku kucha, na asubuhi dereva aliyekosa usingizi ndiye anayeshika usukani.

Ya pili: Genova–Porto Torres

Baharini ni saa 10 hadi 13, ila barabarani unaokoa kilomita zipatazo 180 za kutoka Genova hadi Livorno. Kama unakwenda Alghero, Stintino au Sassari, hii ndiyo inayopanda nafasi ya kwanza. Kutoka Porto Torres barabara ya SS131 inashuka hadi Cagliari bila tozo. Sardinia nzima haina barabara kuu ya kulipia.

Ya tatu: kupitia Corsica

Livorno hadi Bastia kwenye kisiwa cha Corsica, kisha kilomita kama 170 hadi Bonifacio, halafu feri ndogo ya takriban saa moja hadi Santa Teresa Gallura huko Sardinia. Inawafaa wanaotaka kuona visiwa viwili, si wanaotafuta unafuu, maana tiketi ni mbili. Mlango wa bahari wa Bonifacio una upepo mkali, hasa maestrale utokao kaskazini-magharibi, na ukivuma feri hizo ndogo husitishwa. Usipange kivuko hicho siku ileile ya meli yako ya kurudi bara.

Ya nne: Civitavecchia–Olbia

Safari ni fupi kuliko ya Livorno, na kwa anayeishi Roma ndiyo chaguo lake. Kwa anayetoka kaskazini inaongeza karibu kilomita 250 kila upande. Nauli ya chini inaishia kwenye tangi la mafuta.

Kabla ya kulipa

Pima gari lenyewe. Takwimu za kitabu chake hazitoshi. Urefu unahesabiwa pamoja na ndoano ya trela na kibebeo cha baiskeli nyuma; kimo kinahesabiwa pamoja na sanduku la kwenye keria. Ukiandika pungufu, bandarini utalipishwa tofauti, na meli ikiwa imejaa unaweza kukosa nafasi. Gari la gesi litajwe wakati wa kununua, kwa sababu huegeshwa mahali maalumu.

Usibofye nauli ya wenyeji. Kuna bei za wazaliwa na wakazi wa Sardinia, na uthibitisho hudaiwa. Angalia pia saa: 00:30 ya tarehe 10 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 10. Anayekwenda bandarini jioni ya tarehe 10 hukuta meli ilishaondoka.

Majina yafanane herufi kwa herufi na pasipoti. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo abebe na kibali cha ukaazi, hata kama Sardinia ni Italia. Gari la kukodi linahitaji ruhusa ya maandishi ya kuvuka bahari. Bila hiyo bima inaweza kukukataa.

Epuka Jumamosi za Agosti, na zaidi siku zinazoizunguka Ferragosto, sikukuu ya Italia ya tarehe 15. Foleni ya handaki la Gotthard huko Uswisi hula saa nyingi, na meli haimsubiri mtu. Fika bandarini saa mbili kabla.

Melini

Aliyezoea Likoni au Kigamboni ajue kwamba hapa hukai ndani ya gari. Sitaha ya magari hufungwa mpaka meli itie nanga, kwa hiyo andaa mapema begi dogo: dawa, nguo za kulalia, maji, sweta, chaja. Vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia (otomatiki iweke P), na uzime kihisi cha ndani cha alamu. Meli ikiyumba kitalia hadi betri iishe. Piga picha ya namba ya ngazi uliyopandia, maana sitaha zote zinafanana. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Wakati wa kurudi, kung'uta viatu na vidude vya watoto vya kuchezea. Kuchukua mchanga, kokoto au makombe ya fukwe za Sardinia ni kosa tangu 2017, faini yake ni euro 500 hadi 3,000, na mizigo hukaguliwa bandarini.