Uzoefu wangu wa kusaka vipuri na zana za kujiundia amplifaya

Chipu ya kwanza ya LM3886, ambayo ni amplifaya nzima ya sauti ndani ya chipu moja, niliyowahi kuifunga ilipasuka kabla sijaipitishia hata wimbo mmoja. Nilikuwa nimekagua waya mara tatu. Transfoma ya duara yenye voliti 25 mara mbili, daraja la dayodi, kapasita mbili kubwa, na umeme wa takriban voliti 35 chanya na 35 hasi. LM3886 halisi imetengenezwa kufanya kazi hadi jumla ya voliti 84 kati ya pande hizo mbili, kwa hiyo nilikuwa mbali na hatari. Nikawasha swichi, nikasikia mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjika, na kona ya plastiki nyeusi ikaruka. Siku nzima nilitafuta kosa langu kwenye bodi. Sikuliona kwa sababu halikuwepo.

Chipu ya pili, pacha wa ile iliyopasuka, sikuiwasha. Nililowesha pamba kwa asetoni nikasugua uso wake, na maandishi yakatoka yote, pamba ikabaki na rangi ya kijivu. Chini yake ikaonekana mikwaruzo myembamba ya msasa, yote ikielekea upande mmoja. Mtu alikuwa amefuta jina la chipu nyingine akaandika jina hili. Nilizinunua kwenye soko la mtandaoni, kwa muuzaji mwenye nyota nyingi na picha safi, kwa bei iliyokuwa chini mno. Bei ile ingetosha kunishtua, na tangu siku hiyo hunishtua.

Jaribio la asetoni peke yake si ushahidi kamili, kwani chipu nyingi za zamani ziliandikwa kwa wino na bado ni halali. Lakini maandishi yanayofutika, alama za msasa na bei ya kutupa vikikutana, mimi sifungi kitu hicho kwenye bodi yangu. Hali ni mbaya zaidi kwa transista za nguvu. Toshiba 2SC5200 na mwenzake 2SA1943 zinaghushiwa sana, kwa sababu kila anayejenga amplifaya kubwa anazitafuta. Halisi inabeba ampea 15 na voliti 230. Feki nyingi zikivunjwa kwa koleo zinaonyesha kipande cha silikoni kidogo mno, ambacho hakiwezi kubeba mzigo huo hata kwa dakika moja. Ukiipima kwa mita itaonekana nzima kabisa, itakufa siku ya kuongeza sauti, na ikifa inaweza kuondoka na spika yako.

Tangu hapo, kila kitu chenye silikoni ndani nanunua kwa wasambazaji walioidhinishwa na viwanda vyenyewe. Nimeagiza Mouser na nimeagiza DigiKey, na kote nimeridhika. Kinachonifurahisha zaidi ni utafutaji wao. Natafuta kapasita ya mikrofaradi 10,000, naweka alama kwenye voliti 50, joto la nyuzi 105, miguu iliyoachana milimita 10, iliyopo ghalani leo, na orodha ya maelfu inabaki bidhaa kumi na kitu, kila moja na datashiti yake, yaani karatasi ya vipimo vyake. Kwa mtu anayejifunza peke yake, hilo ni darasa. Nimeelewa tofauti za kapasita kwa kuchuja orodha hizo kuliko kwa maelezo yoyote niliyowahi kupewa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sikulitegemea. Unapoweka oda unaweza kuandika rejea yako kwenye kila mstari, nao wanaichapa kwenye pakiti. Mimi niliandika majina ya kwenye mchoro wangu. Sanduku lilipofika, kila kimfuko kilikuwa na lebo: R3, C5, D1. Nilivipanga mezani kwa kufuata bodi, nikalehemu jioni nzima bila kusimama kutafuta rezista ipi ni ipi.

Usumbufu ni usafirishaji. Ukiagiza chipu mbili tu, nauli inaweza kupita thamani ya mzigo. Dawa yangu ni subira: nina orodha ninayoiongeza kila ninapokwama, na siagizi hadi iwe ndefu. Rezista za asilimia 1, yaani ambazo thamani yake haipotoki zaidi ya hapo, nachukua 100 kwa pamoja, kwani bei ya moja inashuka sana na zitatumika tu. Soma vipimo vya umbo pia, si vya umeme peke yake. Kapasita zangu za kwanza zilikuwa na urefu wa milimita 50 wakati sanduku lilikuwa na nafasi ya 45. Ilibidi nizilaze ubavu na kuzifunga kwa vibano, na bado zipo hivyo.

Si kila kitu kinahitaji msambazaji mkubwa. Soketi za RCA, vishikizo vya spika, skrubu, vipoza joto vya alumini, waya na masanduku nanunua popote vinapopatikana kwa bei nafuu, na sijajuta. Vipoza joto vizuri sana vimo ndani ya vifaa vilivyokufa. Hata transfoma ya amplifaya mbovu huwa nzima mara nyingi, nami huiokoa. Kwenye potenshiometa ya sauti, yaani rezista ya kuzungusha ili kupandisha na kushusha sauti, nakuwa mkali. Zile nilizopata kwa bei ya chini zilikuwa zikikwaruza baada ya miezi michache, na upande mmoja ukitangulia mwingine sauti ikiwa ndogo. Potenshiometa ya Alps RK27 ninayotumia inazunguka kwa uzito mzuri mkononi na pande zote mbili zinapanda pamoja. Angalia herufi: kwenye potenshiometa nyingi za Asia, A ni ya logi, inayopanda taratibu mwanzoni jinsi sikio linavyosikia, ambayo ndiyo ya kudhibiti sauti, na B ni ya mstari, inayopanda kwa kiwango kilekile. Ukifunga B, sauti karibu yote inakuja kwenye robo ya kwanza ya mzunguko.

Kwa upande wa zana, kama fedha inatosha kitu kimoja tu, iwe pasi ya kulehemu yenye kudhibiti joto. Ya kwanza niliyokuwa nayo ilichomekwa moja kwa moja kwenye umeme, ikapanda joto bila kikomo na kung'oa njia za shaba kwenye bodi. Sasa natumia Hakko FX-888D na ncha bapa ya milimita 2.4, T18-D24, ambayo inafaa kwa rezista na kwa waya mnene pia. Risasi ya kulehemu ninayopenda ni ya 63/37, yaani bati asilimia 63 na madini ya risasi 37, inayoyeyuka kwa nyuzi 183 na kuganda mara moja bila kupita hali ya uji, hivyo viungo vibovu ni vichache. Fungua dirisha unapolehemu, na nawa mikono kabla ya kula, kwani ina madini ya risasi kweli.

Zana niliyoitengeneza mwenyewe ndiyo imeokoa vipuri vingi kuliko zote. Ni balbu ya kizamani ya wati 60, ile ya waya ndani, iliyofungwa mfululizo na waya wa moto unaoelekea kwenye amplifaya. Balbu ya LED haifai. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kuubana umeme, na chipu zinapona. Mambo yakiwa sawa inamulika ghafla kapasita zinapojaa, kisha inafifia. Kabla ya kugusa tena bodi natoa chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu 1 ya wati 5, nikisubiri kama dakika moja kwa kila kapasita, na nahakikisha kwa mita.

Chipu mpya zilipofika nilisugua moja kwa asetoni kwanza. Herufi hazikubadilika hata kidogo. Nilizifunga juu ya pedi za kuzuia umeme, kwani bati la mgongoni la LM3886T limeungana na upande hasi wa umeme, nikawasha kupitia balbu. Ilimulika, ikafifia. Kwenye njia ya kutoka, ambako umeme wa moja kwa moja unatakiwa uwe karibu na sifuri, nikasoma milivolti 11 upande mmoja na 14 upande wa pili. Nikaunganisha spika, nikasogeza sikio hadi karibu na koni: kimya kabisa.