Sarafu za Ukumbusho: Ya Kuweka Akiba na ya Kuacha Dukani

Siku ya kuuza sarafu ya ukumbusho, kisanduku cha mahameli na cheti havikuongezei kitu. Kinachobaki ni madini. Basi kabla hujatoa pesa piga hesabu: gramu za sarafu, mara kiwango cha madini ya fedha yaliyomo, mara bei ya gramu siku hiyo (bei ya wakia katika soko la dunia, gawanya kwa 31.1). Muuzaji akizidisha moja ya kumi juu ya hapo, muage.

Kwa mtu wa Lamu tunaweka mbele riale ya Maria Theresa (sarafu kubwa ya fedha ya Austria), ingawa si ya ukumbusho hasa, kwa kuwa hata sonara ataichukua kwa uzito. Karibu zote zina mwaka 1780, hata zilizopigwa karne ya 20, kwa hivyo mwaka huo usikupandishie bei. Riale ya kweli ni gramu 28.07, fedha 833 kwa elfu: gramu 23.4 za fedha safi. Bandia ni nyingi, na sumaku haitoshi, maana shaba nayo haivutwi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo ya sonara, irudishe sifuri, uining'inize riale kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Mizani isome gramu 2.75 hivi. Ikifika 3.1, hiyo ni shaba iliyopakwa fedha.

Ya pili ni dhahabu ya 1966, miaka 75 ya Mzee Kenyatta: shilingi 100, 250 na 500, karati 22. Ni mali safi, ila wanunuzi wake pwani ni wachache. Usiweke humo pesa za ada ya shule.

Shilingi ya East Africa ina robo ya fedha hadi 1946, haifiki gramu 2. Za kuanzia 1948 hazina kabisa. Nunua zikiwa rahisi tu.

Shilingi 40 ya 2003 yenye sura ya Kibaki ilipigwa itumike sokoni. Usiilipie mia tano. Medali zilizopakwa dhahabu ziache kabisa.

Rupia ya Mombasa ya 1888 inavutia, lakini sheria ya urithi ya 2006 huhesabu vitu vya kabla ya 1895 kuwa vya kale. Kuitoa nchini kunataka kibali. Kilichookotwa magofuni Takwa au Shanga usikiguse, kipeleke makumbusho.

Ukishanunua, usisugue kwa ndimu wala majivu: mkusanyaji akiona mikwaruzo hukupa bei ya fedha chakavu. Mifuko laini ya plastiki, kwa joto letu, huacha utando wa kijani. Tumia vikasha vigumu vya plastiki vya kuwekea sarafu pamoja na pakiti ya kunyonya unyevu.