Nilimpeleka Shaba kupandishwa kule Kikambala: nyota nne, ya tano nimeibania makusudi

Sisi wenye farasi wa pwani tuko wachache na twajuana, na sa hizi kila nikipita ufuo wa Pirates na jike langu Shaba naulizwa huyu mbona tumbo liko hivo, ulimpeleka wapi, pesa ngapi, dume wa nani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni hapa.

Kwanza mjue nilikotoka manake bila hilo hamtaelewa kwa nini naisifu hii sehemu. Mwaka jana kuna jamaa, jina tuliache, aliniambia ana dume mzuri, leta jike lako leo tumalize leo leo. Nami kwa ujinga wangu nkaenda, saa nane mchana, jua la mwezi wa tatu lile mnalijua, Shaba akafungwa kwenye mnazi na dume akaletwa anapiga kelele huku wavulana watatu wanamvuta kamba kila mtu upande wake. Hakuna aliyeuliza kama jike yuko kwenye joto, yani zile siku anazotaka dume. Mimi pia sikuuliza, nakubali. Shaba akalaza masikio, akapiga ukelele mmoja, na dume aliposogea tu akarusha mateke mawili, moja likampata mwenzake kifuani la pili likapasua ndoo. Pesa yangu haikurudi mpaka leo na nikauguza kidonda cha kamba shingoni mwake wiki mbili nzima, wiki mbili bila kupandisha mtalii hata mmoja mgongoni mwake. Hesabu mwenyewe hasara.

Sasa hii ya Kikambala. Ukishapita Mtwapa kama waenda Kilifi, unakata upande wa bahari, barabara ya vumbi. Hakuna kibao. Mwenyewe kaniomba nisimtaje kwa sababu vyumba vya farasi ni vinane tu na madume wawili, hataki foleni, kwa hivyo anayetaka kweli anitafute kando nitamuelekeza.

Nilifika na lori nikidhani tutashusha jike, apandwe, turudi. Wapi! Kabla hajashuka nishaulizwa maswali kama niko kwa ofisi ya pasipoti: mara ya mwisho alikuwa na joto lini, alishawahi kuzaa, alishawahi kutoa mimba, chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Kiafrika alichomwa lini. Hiyo ya chanjo walikaza kabisa, manake ile ni ya virusi hai na daktari hapendi kumchoma jike mwenye mimba changa, kwa hivyo imalizwe mapema kabla ya mambo mengine. Halafu daktari wa mifugo akachukua sampuli kwa pamba huko ndani, ikapelekwa maabara, na Shaba akawekwa chumba cha pembeni peke yake hadi majibu yatoke. Niliona kama wanajivuta tu ili wale pesa za malazi. Ami, saisi mkuu pale, yani mkubwa wa watunza farasi, mzee wa Kibajuni ambaye sidhani kama ashawahi kukimbia maishani mwake, akaniambia taratibu, "Mwanangu, jike mmoja mchafu amwambukiza dume, na dume awaambukiza wote watakaomfuata. Wewe ungependa wako awe wa kumfuata yule mchafu?" Nikanyamaza.

Kuna ukuta wa mbao nene pale unafika kifuani mwa farasi, umevikwa magodoro ya zamani. Hapo ndipo wanapomjaribu jike. Yeye upande huu, dume upande ule, wananusana pua kwa pua kwanza halafu dume anasogezwa mpaka ubavuni, na mtu anamtazama jike tu, dume hana siri. Siku ya kwanza Shaba alilaza masikio akaupiga ule ukuta mateke, nikajisemea haya yale yale. Ami akaandika kwa daftari "bado" akamrudisha ndani, hakuna aliyekasirika. Siku ya pili bado. Siku ya nne akasimama katulia, mkia juu, miguu ya nyuma kaitanua, anakojoa kidogo kidogo na kule nyuma panafunguka na kufunga. Hata mimi nisiyejua nilijua.

Nikasema basi apandwe, Ami akasema ngoja kesho kutwa. Hapo nilitaka kugombana naye wallahi, manake kila siku ni mia tisa ya malazi. Ndio akanieleza: mzunguko wa jike ni kama siku 21, katika hizo anakubali dume siku tano hadi saba hivi, lakini yai hushuka mwisho mwisho, siku moja au mbili kabla joto halijakata. Mbegu za dume nazo huko ndani kawaida haziishi zaidi ya siku mbili hivi zikiwa na nguvu, kwa hivyo ukimuwahisha zafika, zasubiri, zachoka, yai lakuja limekuta watu washaenda zao. Wakamsubiri mpaka siku ya tatu ya joto, wakampandisha, wakaruka siku moja, wakampandisha tena, wakarudia hivyo mpaka akamkataa dume. Mara tatu jumla, na bei ni ile ile moja.

Siku ya kupandwa yenyewe ndio nilielewa pesa yangu inaenda wapi. Saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapata nguvu. Viatu vya miguu ya nyuma alikuwa keshavuliwa tangu siku aliyofika. Mkia ukafungwa bendeji safi, akaoshwa nyuma kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa mpaka hakuna tone, manake maji na sabuni zikibaki zinaua mbegu. Dume naye anaoshwa maji matupu. Watu watatu tu, wote na helmeti, moja ilikuwa ya boda na namba bado imebandikwa nyuma, nilicheka sana. Hakuna kelele wala kiboko. Dume aliletwa kwa pembeni ambako jike anamuona, sio kumshtukiza kwa nyuma, na jamaa wa jike alisimama upande mmoja na yule wa dume ili ikiwa kuna teke kila mtu avute kichwa upande wao na matako ya farasi yaende kule kusiko na mtu. Dume akapanda, mkia wake ukaanza kupanda na kushuka kama mkono wa pampu ya kisima, Ami akatingisha kichwa, "Imeingia." Dakika mbili hazikufika. Yani nimesafiri toka Bamburi kwa ajili ya dakika mbili.

Huyo dume nitamzungumzia kidogo kwa sababu watu tunamjali jike tu. Wengi wenye madume wanawafungia chumba cha giza peke yao halafu wanashangaa wanauma watu. Pale chumba chake kina dirisha kubwa, anaona wenzake, kila alfajiri anatembezwa na kukimbizwa mchangani kama dakika 40 hivi. Na hapandi kila siku kila jike, kuna daftari. Chumba kinapata upepo wa bahari moja kwa moja, na jioni kabla ya magharibi wote wanaingizwa ndani na madirisha yana wavu mdogo mdogo kabisa, kwa ajili ya usubi, vile vidudu vya kuuma vinavyoleta huo ugonjwa wa farasi wa Kiafrika nilioutaja. Joto letu hili sio mchezo kwa dume. Daktari alinieleza mbegu moja huchukua karibu miezi miwili kutengenezwa, kwa hivyo dume akishikwa na homa kali leo, anaweza kukosa kutungisha mimba hata wiki kadhaa baada ya kupona na nyote mtabaki kumlaumu jike.

Halafu kuna mzungu mmoja mteja wangu wa ufukweni aliniambia nimekosea, farasi hupandishwa masika ya kwao, baridi ikishaisha, kuanzia mwezi wa nne. Nilipomwambia Ami akacheka mpaka akakohoa. Huko kwao mchana wa baridi ni mfupi na mwili wa jike unafunga duka, ndio wengine wanawawashia taa mazizini wadhani siku zimerefuka. Hapa Mombasa mchana ni masaa 12 mwaka mzima, jike akishiba vizuri anaendelea na mizunguko yake.

Siku 16 baada ya Shaba kupandwa daktari akaja na mashine ya skani. Sikujua kwa nini mapema hivyo, kumbe wanatafuta mapacha. Kwa farasi mapacha sio baraka kama kwetu, mara nyingi mimba yote huharibika, na wakionekana mapema daktari anaweza kumtoa mmoja. Shaba alikuwa na mmoja, kijiduara cheusi tu kwenye kioo. Akarudiwa siku ya 28 tukaona moyo unapiga. Sitasema nililia lakini vumbi lilikuwa jingi siku hiyo.

Sasa malalamiko, manake nyota ya tano nimeibania. Simu hawashiki. Unapiga asubuhi unajibiwa usiku, na kama mnyama wako yuko kwa mtu siku karibu 50 unataka hata picha moja, lakini mpaka uende mwenyewe. Pili, nilipeleka marobota yangu kumi ya nyasi kavu na bado kwenye bili nikakuta nimelipishwa nyasi. Tulibishana, walirudisha kwa Mpesa, lakini baada ya wiki mbili na kumpigia mara nne. Na mvua ikinyesha ile barabara usijaribu na lori, tulisukuma mpaka nikapoteza ndala.

Bei ya kupandisha nililipa 30,000 na wakaniandikia kwenye karatasi kwamba asingeshika mimba angerudi bure mzunguko unaofuata. Skani na maabara ni pesa ya daktari, kando.

Sa hii yuko mwezi wa nane, farasi hubeba kama siku 340, yani miezi kumi na moja. Ami alinikataza kumjaza chakula mwanzoni, akasema mtoto hukua zaidi ile miezi mitatu ya mwisho ndio umuongeze, kwa hivyo juzi tu ndio nimeanza kumzidishia lusani na pumba. Watalii nimeshaacha kumpandisha, anatembezwa tu kwenye maji jioni, mamake watoto anasema huyo farasi analelewa kuliko yeye alivyolelewa na mimba ya kifungua mimba wetu.

Ukienda, fika kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo masaisi wamekula na wamelala na utamkuta mlinzi tu, na huyo hajui chochote ila bei.